Mwongozo kamili wa kupanga mradi kwa programu na kuukwamua unapokwama

Fungua faili kumi za mipango ya miradi na nyingi zitakuwa zimetengenezwa hivi: mtu aliorodhesha kazi, akaandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza mbele ya kila moja, na programu ikamchorea mistari ya rangi. Mkutanoni inapendeza. Ila faili hiyo haijui lolote. Fundi akichelewa wiki nzima mistari inabaki pale pale, na mwenye mpango anaanza kuisogeza mmoja mmoja kwa mkono mpaka anachoka na kuiacha.

Programu ya kusimamia miradi ni kikokotoo. Unaipa kazi, muda wa kila kazi na kipi kinasubiri kipi, nayo inakurudishia tarehe. Yaani tarehe ni jibu, wewe huiandiki. Shika hilo tangu mwanzo, kwa sababu hata kutafuta tatizo baadaye kunawezekana tu kama mpango ulijengwa hivyo.

Mfano tutakaoutumia ni ofisi ya watu 30 inayohamia jengo jingine.

Programu ipi?

Hapa watu hupoteza muda kuliko inavyostahili. Kama kazi zako zinafuatana na kusubiriana, kama ilivyo kwenye ujenzi, kuhama au uzinduzi wa bidhaa, tafuta programu yenye chati ya Gantt (ile ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini) inayokokotoa: Microsoft Project, au za bure kama ProjectLibre na GanttProject. Kama ni kazi ndogo ndogo zinazoingia kila siku na mpangilio wake hubadilika, ubao wa kadi wa Trello au Jira, ambako kila kazi ni kadi inayohama safu hadi safu, utakufaa zaidi. Excel ni nzuri kwa bajeti na orodha, lakini haikokotoi mfuatano mpaka uijengee fomula, na ukifika huko ni afadhali ushushe mojawapo ya zile za bure.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Kabla hujafungua programu, andika nusu ukurasa: mradi ukiisha kutakuwa na nini ambacho leo hakipo, nani atakayekubali kwamba umeisha, na kipi hakimo. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa, na ndilo linaloleta ugomvi. Kwenye mfano wetu: watu 30 wanafanya kazi jengo jipya, wakiwa na intaneti na mafaili yao, kubadilisha simu za mezani hakumo. Ikiandikwa mapema, mtu akileta habari ya simu wiki ya tatu, jibu lipo: inawezekana, ila tuone itasogeza nini.

Kisha vunja mradi vipande. Anza na vitu vitakavyokabidhiwa, kwa mfano chumba cha seva, meza zilizofungwa, data iliyohamishwa, ndipo ushuke kwenye kazi za kuvizalisha. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba kazi moja isiwe chini ya saa 8 wala zaidi ya saa 80. Chini ya hapo utakuwa mtumwa wa faili lako mwenyewe. Juu ya hapo utagundua ucheleweshaji ukiwa umeshakomaa.

Jina la kazi lina uzito kuliko linavyoonekana. Kazi iitwayo "Mtandao" haiishi kamwe, kwa sababu hakuna anayejua mwisho wake. Iite "Jaribu intaneti kwenye meza zote 30" na hata mgeni ataweza kukuambia kama imekwisha au bado. Kila kazi ianze na kitendo, na mwisho wake uonekane.

Hatua ya 2: Kadiria muda bila kujidanganya

Muulize atakayeifanya kazi. Bosi wake hukadiria muda anaoutamani.

Kwa kazi ambazo zimeshafanyika mara nyingi, namba moja inatosha. Kwa kazi yenye kiza, omba namba tatu: mambo yakienda vizuri sana, yakienda kawaida, na yakiharibika. Mbinu ya PERT, iliyobuniwa 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa Jeshi la Majini la Marekani, inazichanganya hivi: namba nzuri, jumlisha ya kawaida mara 4, jumlisha mbaya, gawa kwa 6. Chukua kuhamisha data. Fundi anasema siku 1 ikinyooka, siku 2 kwa kawaida, siku 9 kama hifadhidata ya zamani italeta shida. Hesabu ni 1 + 8 + 9 = 18, gawa kwa 6, unapata siku 3. Lakini usiishie kwenye hiyo 3. Pengo kati ya 1 na 9 linakuambia kazi hii ina hatari ndani yake, na swali la maana sasa ni: tufanye nini wiki hii ili ile 9 ishuke? Kuijaribu hifadhidata ya zamani mapema, kwa nakala, huenda kukaiondoa kabisa. Tuseme umefanya hivyo na fundi sasa anasema siku 2 bila wasiwasi. Ndiyo namba tutakayoitumia.

Akiba ya muda usiifiche ndani ya kila kazi. Mtu aliyepewa siku 5 kwa kazi ya siku 3 atatumia 5. Mwanahistoria Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliliandika hilo kwa kejeli mwaka 1955, na halijabadilika. Weka akiba moja mwishoni mwa mradi, iite akiba waziwazi, na kila inapoliwa ionekane imeliwa na nini.

Hatua ya 3: Unganisha kazi

Hapa ndipo mpango unapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Chati za mistari ni za zamani. Mpolandi Karol Adamiecki alikuwa na aina yake mwaka 1896, na mhandisi Mmarekani Henry Gantt alizieneza miaka ya 1910 hadi zikachukua jina lake. Zilikuwa michoro ya karatasi: ukibadilisha kitu kimoja, unachora upya. Mwaka 1957 kampuni za DuPont na Remington Rand zilianza kutengeneza njia ya kuzikokotoa kazi zilizounganishwa kwa kompyuta, na hapo ndipo ikatoka njia muhimu, yaani mnyororo wa kazi unaoamua mradi utaisha lini. Anayeandika tarehe kwa mkono ndani ya programu ya leo amerudi kwenye karatasi ya Gantt.

Kwa kila kazi jiulize: nini lazima kiwe kimekwisha kabla hii haijaanza? Aina hiyo ya muungano, hii ikiisha ile inaanza, inatosha karibu kila mahali. Zipo nyingine tatu: kuanza pamoja, kuisha pamoja, na ile adimu ambapo kuanza kwa kazi moja ndiko kunakoruhusu nyingine iishe. Zitumie tu pale hali halisi inapozidai.

Mfano wetu, kwa siku za kazi:

- Kutandaza nyaya za umeme na mtandao: siku 6, inaanza siku ya kwanza.
- Kuziba kuta na kupaka rangi: siku 5, baada ya nyaya.
- Kusubiri samani zilizoagizwa: siku 15, tangu siku ya kwanza.
- Kufunga samani: siku 4, baada ya samani kufika, na siku 2 baada ya rangi ili ikauke.
- Kufunga seva na kuijaribu: siku 3, baada ya nyaya.
- Kuhamisha data: siku 2, baada ya seva.
- Watu kuhamia: siku 2, baada ya samani kufungwa na data kuhamishwa.

Zile siku 2 za kukauka usizifanye kazi ya mtu. Ziweke kwenye muungano wenyewe kama muda wa kusubiri. Programu zote tatu za Gantt nilizozitaja zinaruhusu.

Sasa jumlisha minyororo. Nyaya, rangi, kukauka, kufunga samani, kuhamia: 6 + 5 + 2 + 4 + 2 = siku 19. Nyaya, seva, data, kuhamia: 6 + 3 + 2 + 2 = 13. Kusubiri samani, kuzifunga, kuhamia: 15 + 4 + 2 = 21. Mradi ni wa siku 21, na anayeuamua ni muuza samani ambaye hata hayumo kwenye jengo. Kelele, vumbi na simu za kila saa zitakuwa kwa mafundi wa nyaya na rangi, ambao wana mwanya wa siku 2. Wa seva na data wana mwanya wa siku 8, na hakuna sababu ya kumkesheza mtu.

Mwanya ni siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi. Programu nyingi zinauonyesha kwenye safu yake. Iweke safu hiyo mahali unapoiona kila siku, kwa sababu ina faida kuliko rangi zote za chati.

Tazama na hili. Ukimlipa muuza samani zaidi alete kwa siku 10 badala ya 15, je mradi utaisha siku 5 mapema? Mnyororo wake unashuka hadi 16, lakini ule wa rangi bado ni 19. Umelipia siku 5, umepata 2. Ndiyo maana kabla ya kutumia hela kuharakisha chochote, kijaribu kwanza kwenye nakala ya faili.

Hatua ya 4: Watu

Sasa weka majina. Fundi mmoja akipangiwa kazi mbili siku ile ile, programu itamwonyesha amezidiwa, kwa kawaida kwa rangi nyekundu. Microsoft Project ina amri ya kusawazisha mzigo, inayozisogeza kazi zenyewe. Itumie kama mshauri: iendeshe, tazama ilichosogeza, kisha uamue. Ukiiacha ifanye itakavyo, inaweza kuburuza mwisho wa mradi kwa sababu ya mgongano ambao ungeumaliza kwa kumpa kazi mtu mwingine.

Watumiaji wa Microsoft Project hugombana nayo sana hapa: "nimeongeza mtu wa pili, muda umebadilika wenyewe!" Sababu ni hesabu moja iliyo chini ya kila kazi: saa za kazi ni sawa na muda mara idadi ya watu. Ukigusa kimoja, kingine lazima kisogee, na aina ya kazi uliyochagua ndiyo inayosema kipi kisiguswe. Kikao cha siku moja kisiguswe muda, maana watu wawili hawatakifanya kiwe nusu siku. Kupaka rangi kisiguswe jumla ya saa, maana wapakaji wawili watamaliza mapema. Chagua hilo kabla ya kuongeza majina.

Hatua ya 5: Hifadhi mpango wa msingi

Mpango ukikubaliwa, uhifadhi kama mpango wa msingi. Hii ni picha ya tarehe za awali ambayo programu inaitunza chini ya zile zinazobadilika. Microsoft Project inatunza hadi 11. Bila picha hiyo huwezi kusema umechelewa kiasi gani, utabaki na hisia. Usiihifadhi upya kila mpango unapoteleza, kwa sababu hapo utakuwa unafuta ushahidi. Inabadilishwa pale tu kazi yenyewe imebadilika na mkubwa amekubali.

Hatua ya 6: Kufuatilia kila wiki

Swali baya kuliko yote kwenye kikao cha mradi ni "umefikia asilimia ngapi?" Jibu litakuwa 90, na wiki ijayo 90, na inayofuata 95. Uliza badala yake: ulianza lini, na imebaki siku ngapi? Mtu atakayesema "imebaki siku 3" leo na "imebaki siku 3" Jumatatu ijayo amekupa habari, hata kama hakukusudia. Na kama lazima ujaze asilimia, kubaliana na timu kwamba zipo tatu tu: 0 haijaanza, 50 imeanza, 100 imekabidhiwa.

Baada ya kujaza, angalia kama kuna kazi ambayo haijafanyika lakini bado imekaa kwenye siku zilizopita. Hakuna atakayerudi jana kuifanya. Isogeze mbele, ndipo tarehe ya mwisho itakapokuambia ukweli.

Kwa miradi mikubwa zaidi, pima kwa thamani ya kazi. Tuseme mradi mzima ni saa 400. Kufikia leo mpango ulitaka kazi ya saa 200 iwe imekwisha. Iliyokwisha kweli ina thamani ya saa 160, na watu wametumia saa 190 kuifanya. Ratiba: 160 gawa kwa 200 ni 0.80, mko nyuma. Matumizi: 160 gawa kwa 190 ni takriban 0.84, kila saa inazaa pungufu. Mkienda mwendo huu, mradi utakula saa 475 badala ya 400. Kipimo cha matumizi nakiamini. Cha ratiba nakiamini mwanzoni tu, kwa sababu kazi zote zikiisha kinarudi 1 hata kama mmemaliza mwezi mzima baadaye. Kwa tarehe, tazama njia muhimu.

Faili likileta ukaidi

Hitilafu nyingi za ratiba si za programu. Hizi ndizo utakazokutana nazo.

Kazi inayotangulia imechelewa lakini inayofuata haijasogea. Kwanza tafuta muungano. Mara nyingi haupo. Kama upo, kazi inayofuata imefungwa kwenye tarehe, au iko kwenye hali ya kupangwa kwa mkono. Kwenye Microsoft Project, ukiandika tarehe ya kuanza kwenye kazi inayopangwa na programu, umeweka sharti kimyakimya kwamba isianze kabla ya hapo, na alama ndogo ya kalenda inatokea pembeni. Kazi haitarudi mapema hata kama zilizotangulia zimekwisha. Ondoa sharti, rudisha "anza mapema iwezekanavyo". Kama tarehe ni ya kweli, kwa mfano siku mwenye jengo anakabidhi funguo, iache lakini iandikie maelezo.

Njia muhimu ina kazi moja tu, au inaanzia katikati ya mradi. Kuna kazi zinazoning'inia. Chuja faili upate zisizo na kitu mbele au nyuma yake. Zinazoruhusiwa kuwa hivyo ni kazi ya kufungua mradi na ya kuufunga, basi.

Kazi ya siku 2 inachukua siku 4. Tazama kalenda: labda mtu huyo amewekwa nusu siku, au ana likizo, au kalenda ya mradi inahesabu saa tofauti na ulizoweka kwenye mipangilio ya siku moja ya kazi.

Programu inakataa muungano na kulalamika kuhusu mzunguko. Mahali fulani A inasubiri B, B inasubiri C, na C inasubiri A. Mara nyingi chanzo ni muungano uliowekwa kwenye kichwa cha kundi badala ya kazi yenyewe. Vunja miungano yote ya vichwa, unganisha kazi kwa kazi, na mzunguko utajitokeza.

Na ukibadilisha kitu kidogo faili zima likaruka miezi miwili, usihangaike kurudisha kimoja kimoja. Tendua, hifadhi nakala, kisha rudia badiliko huku ukitazama safu ya mwanya: kazi ya kwanza iliyopoteza mwanya ndiyo ya kuchunguza.

Mradi wenyewe ukichelewa

Kama faili ni zima na tarehe bado ni mbaya, basi tatizo ni la kweli. Anza na njia muhimu. Kazi iliyochelewa siku 4 yenye mwanya wa siku 8 isikukoseshe usingizi. Iliyochelewa siku 1 kwenye njia muhimu imeshakula siku ya mradi. Na kumbuka njia huhama. Kwenye mfano wetu, rangi ikichelewa siku 3 mnyororo wake unakuwa 22, unaupita ule wa samani, na aliyekuwa hana haraka sasa ndiye mwenye mradi.

Kisha tafuta sababu kati ya nne: kazi imeongezeka, makadirio yalikuwa madogo, watu wamehamishwa kwingine, au kazi imekaa ikisubiri saini, malipo au mzigo. Kwa uzoefu wangu ya mwisho huwa kubwa kuliko wote wanavyokubali, na dawa yake ni rahisi kuliko zote: mpigie simu anayeshikilia.

Ikibidi kubana muda, njia ni chache. Kuongeza watu au saa kwenye njia muhimu, kwa gharama. Kufanya sambamba kazi zilizopangwa kufuatana, kwa hatari ya kurudia; samani zinaweza kuanza kufungwa vyumba vilivyokauka huku vingine vikipakwa. Au kupunguza kinachokabidhiwa: watu 20 wahamie kwanza. Kuongeza watu kuna mtego wake. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendesha kompyuta wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa kutengeneza programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wenyeji wanaacha kazi kuwafundisha wageni. Wapakaji rangi unaweza kuongeza. Wahandisi wa mfumo, fikiri mara mbili.

Kwenye ubao wa kadi dalili ni nyingine: kadi zimejaa safu ya "inafanyika" na hakuna kinachotoka. Mtafiti Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 hesabu inayoeleza hali hii. Kama kuna kadi 24 mkononi na timu inamaliza 6 kwa wiki, kadi itakaa wastani wa wiki 4. Ukiweka kikomo cha kadi 12, wastani unashuka hadi wiki 2 bila mtu kukimbia zaidi, mradi kasi ya kumaliza ibaki ile ile. Kikomo kikijaa, asiye na kazi asianze kadi mpya. Aende akasaidie iliyokwama.

Ukifika kwa mkubwa, usimpelekee chati nzima. Mpelekee tarehe ya mwisho ya awali, ya sasa, kazi moja iliyosababisha tofauti, na njia mbili au tatu pamoja na gharama ya kila moja, zote ukiwa umeshazijaribu kwenye nakala ya faili. Akishachagua, ingiza uamuzi huo kwenye faili halisi siku hiyo hiyo, andika kwenye maelezo ya kazi nani aliamua na lini, na uwatumie tarehe mpya wale tu ambao kazi zao zimesogea.